Viini Sita na Simu ya Mkwe

Jumamosi ile dukani hapakuwa na pa kukanyaga. Mpima macho alikuwa amekumbatia trei ya mayai kifuani, blauzi yake ya zambarau imepigwa pasi ikakaa, miwani imemteremka puani, ndipo mtu mmoja wa ovaroli ya buluu alipogeuka ghafla na kumpiga kikumbo. Trei ikaenda chini. Pwaa!

"Dada, samahani sana! Sikukuona."

"Hukuniona? Njoo kazini kwangu nikupime macho."

Mwanamume yule akaangua kicheko, kisha akamwekea trei yake mwenyewe mikononi. "Chukua yangu. Mimi nilitaka ya kukaanga tu."

"Na mimi nataka viini tu," mpima macho akasema, akajishangaa anavyomweleza mtu baki mambo ya nyumbani. Baba yake alikuwa mpishi wa meli. Huko Italia alijifunza kinywaji kizito cha viini vya mayai na sukari, vinapigwa juu ya mvuke mpaka vivimbe, kisha vinamiminiwa kahawa kali. Marehemu mama ndiye aliyekuwa akimtengenezea. "Mimi nimejaribu mara tatu. Kila mara naishia na mayai ya kukaanga yenye sukari."

"Moto wako mkali. Mimi fundi friji, dada. Joto na baridi ndiyo kazi yangu."

Jumapili iliyofuata fundi alikuwa jikoni kwa mpima macho, amekuja kumwonyesha, ovaroli ameiacha, amevaa shati jeupe lenye harufu ya sabuni. Viini sita kwenye bakuli, bakuli juu ya sufuria.

"Maji yafuke, yasichemke," alimwambia. "Na mkono usisimame, Miwani."

"Nani Miwani?"

"Wewe. Piga, piga! Mambo ya jina baadaye."

Rangi ikatoka njano ikawa kama siagi. Wakatia maziwa ya moto kidogo kidogo, vanila, halafu kahawa nyeusi tii. Mpima macho akaonja, akafumba macho. Alipoyafumbua, fundi alikuwa akimtazama yeye, si kikombe.

Miezi mitatu ikapita kama upepo. Simu asubuhi, simu mchana. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, ila sijashiba sauti yako." Friji ya baba ilipoharibika, mpima macho akampa mzee namba. "Kuna fundi mmoja namfahamu," akasema, akijifanya hana habari. Friji ikapona, naye akadhani yameishia hapo.

Siku moja walikuwa wakila chipsi kwenye kibanda jirani na kazini kwa mpima macho. Fundi akaenda kunawa, akaacha simu mezani. Ikalia. Kwenye kioo kukatokea neno moja: MKWE.

Mpima macho akarudisha chipsi sahanini. Mkwe? Mtu hawi na mkwe bila kuwa na mke, au angalau mchumba. Fundi akarudi, akaitazama simu, akatabasamu tabasamu la siri, akatoka nje kupokea. Kupitia dirisha mpima macho alimwona akiitikia kwa kichwa kwa adabu, akicheka, mkono kifuani kama mtu aliye mbele ya mkubwa wake.

"Nani huyo?" akamuuliza aliporudi.

"Aa, mteja tu."

Mteja! Mpima macho akachukua mkoba wake akaondoka. Simu za wiki nzima hakupokea. Usiku hoja zilimzunguka: kama ana mke, mbona Jumapili zote yuko kwangu? Kama hana, mbona adanganye? Akawa anawavalisha wateja lenzi za kushoto kulia. Ujumbe wa fundi ulikuwa uleule: *Miwani, nimekosa nini?* Kila akitaka kumjibu, hasira na hamu vinamshika mkono kwa pamoja, anaiweka simu chini.

Jumamosi alasiri akaenda kwa baba yake, angalau apumzishe kichwa. Akafungua mlango wa jikoni, akaganda. Fundi friji amesimama mbele ya jiko, amefunga aproni ya marehemu mama, anapiga viini. Baba kakaa kwenye stuli, anaamrisha kama yuko melini.

"Unafanya nini hapa?" mpima macho akauliza.

"Kitinda mimba wangu, karibu!" baba akasema. "Mkwe wangu ananitengenezea—"

"Mkwe wako? Baba, huyu ana mke! Nimeona mwenyewe simu ya mkwe wake!"

Wanaume wawili wakatazamana. Fundi akaacha kupiga viini. Polepole baba akatoa simu yake mfukoni, akabonyeza. Mezani, simu ya fundi ikalia: MKWE.

Mpima macho akakaa chini. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na alitaka kumtwanga mtu kwa mwiko, ila hakujua aanze na nani.

"Mzee alinigundua siku ile ya friji, uliponipigia akasikia sauti yako," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Akaniambia nimwite mkwe. Nikaona haya kukwambia."

"Kwa hiyo mmeshaoana nyinyi wawili," mpima macho akasema. "Mimi nilikuwa wapi? Nani aliniuliza?"

Harufu ya kuungua ikawafikia: viini vilikuwa vimeganda mabonge mabonge.

Mpima macho akainuka, akamwaga, akapasua mayai mengine. Akapiga peke yake mpaka mkono ukauma. Akamkabidhi baba kikombe. Mzee akanywa, akafuta mdomo.

"Siyo ya mama yako," akasema. Akanywa tena. "Lakini ni nzuri, mwanangu. Ni yako."

Mpima macho akamsindikiza fundi hadi barabarani.

"Tumerudiana?" fundi akauliza.

"Sijui. Niache kwanza nichanganyikiwe bila mtu kunisaidia."

Siku kumi na moja alichanganyikiwa. Ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, akaingia karakana ya fundi, amevaa gauni la kijani na viatu vya kazini. Wateja wanne walikuwa kwenye benchi. Fundi alikuwa kapiga magoti nyuma ya friji, bisibisi mdomoni.

"Fundi, baba hajui kama nimekuja. Wewe pia hukujua. Nimeamua mwenyewe." Akasogea hatua moja. "Utanioa?"

Bisibisi ikaanguka. Fundi akainuka, akamtazama, akaitazama friji, akamtazama tena.

Mama mmoja mnene kwenye benchi akasafisha koo. "Kaka, mjibu mwenzio basi. Nyama yangu inayeyuka."

"Ndiyo," fundi akasema. "Ndiyo, ndiyo!" Akafuta grisi mikononi, akamkumbatia, na gauni la kijani likachafuka lote.