Mizizi Iliyosukwa

Usiku ulisikika mlio mmoja tu: kucha zikikwaruza mlango wa flati, chini kabisa, kama za mtu aliyelala sakafuni. Murielle alifungua. Korido ilikuwa tupu. Kizingitini palikuwa na udongo mbichi.

Asubuhi mtaa wa Joubert Park, Joburg, uliamka kama kawaida. Ilikuwa mwisho wa Februari, jua limeanza kulegea, majira ambayo watu wa kwao Murielle, Katanga, huingia porini kutafuta okidi, wachimbe viazi vyake wapike kikanda, chakula cha kwao. Murielle alimtaka shemeji yake Pitchou, mume wa dada yake, ampeleke kwenye miti ya Midrand, nje ya jiji, mahali alipokuwa akichimba dada huyo. Akikataa, alimwambia, angerudi kumchukua na wamama wote wa kanisa.

Miaka miwili Pitchou alikuwa akisema mkewe alitoroka na dereva wa lori. Miaka miwili hakumtaja jina, alimwita "yule". Na mama wa dada hao wawili kule Likasi, miaka miwili, hajui amlilie au amngoje. Hasira ya Murielle ilikwishakausha machozi.

Walizikuta okidi chini ya miti. Zimechanua, zimesongamana, urefu wa mtu aliyelala. Pembeni hapakuwa na hata moja.

Mchimba kikanda hagusi udongo kabla hajamtaja aliyemwonyesha mahali. Asiyetaja, ardhi humshika.

"Mtaje aliyekuonyesha, shemeji."

"Eish, Murielle. Huku ni Joburg. Udongo wa huku haujui mambo yenu ya Likasi."

Pitchou akapiga magoti, akazamisha mkono.

Kiazi cha kwanza kilitoka na mizizi yake. Mizizi imesukwa. Mitatu mitatu, myembamba, kila mwisho umefungwa fundo dogo upande wa kushoto. Dada yake Murielle alikuwa msusi. Hakuna mwingine aliyefunga hivyo. Cha pili, vilevile. Cha tatu kilikuwa na joto.

"Ulimkuta akichimba hapa?"

Pitchou alizidi kuchimba. Mkono ulikuwa umezama hadi kiwiko. Aliuvuta. Haukuja. Okidi zikatikisika zote pamoja, na upepo haukuwepo.

"Nivute," akanong'ona.

"Mtaje."

"Shemeji, nakuomba..."

"Mama anangoja. Mtaje."

Udongo ukamvuta hadi begani. Shavu likalala juu ya maua. Mizizi ikampanda shingoni, taratibu, ikijisuka. Murielle alisimama tu, mikono kiunoni.

"Héritière," Pitchou akamtaja mkewe, midomo ikigusa udongo. "Nilimlaza hapa. Héritière."