Kachungu ka mu Migomba

Miye ni mama wa miaka makumi ine na moja, muke wa Kambale. Tunapanga kanyumba huku Butembo, upande wa Rughenda. Zamani tulikuwa na shamba ya kakao karibu na Beni. Kama haiko tena... kosa ni yangu!

Bwana yangu alipata ugonjwa ya sukari. Vidonge vilikula mbuzi zetu zote, kisha vikakula minerval ya masomo ya batoto. Siku moja walimuombea kanisani, akashuhudia mbele ya wote: amepona! Tuliimba, tulicheza. Sikumuona tena akimeza kidonge.

Mais kila juma mbili anapanda pikipiki, anaenda Beni. Eti kuangalia bei ya kakao! Bei gani inakula nusu ya pesa ya mavuno? Anarudia mufuko mutupu, shati inanuka alcool. Buti za shamba, hata ndani ya nyumba havui.

Nikasema ni muke wa inje tu. Bureau ya pili! Nikawa namufuata kwa macho.

Asubuhi moja nikamuona anainama mu migomba nyuma ya jikoni. Alipoenda shambani, nikafukua. Kachungu! Kamezikwa mu muchanga yenye maji, kamefungwa na kipande ya kikwembe ya mwanamuke. Ndani, vichupa viwili vya dawa ya maji. Roho ikaniwaka! Yule malaya amemupa dawa ya kunifunga macho... Nikamwanga yote mu choo, nikarudisha kachungu vile kalikuwa.

Jioni alirudia kutoka migomba uso umebadilika. Akaniangalia. Nikamuangalia. Hakuuliza kitu. Nikacheka mu roho: utauliza je, weye?

Siku ya ine akaanguka. Tukamufikisha Beni, hospitali. Infirmière alipovua buti... kidonda ilikuwa imekula vidole! Akaniuliza, "Mama, insuline ya juma hii alijichoma?"

Insuline gani?

Dada mukubwa wa Kambale, anayekaa pale Beni, akalia, akanieleza. Vidonge vilikuwa vimeshindwa, akapewa sindano ya insuline; ndiyo alikuwa anafuata Beni kila juma mbili, na alcool ni ya kupangusa ngozi. Alishikwa na haya, maana alishuhudia mbele ya kanisa. Dawa inataka baridi, na sisi hatuna frigo, donc dada alimufundisha kuiweka mu kachungu, ndani ya muchanga yenye maji. Kikwembe ilikuwa yake!

Walikata muguu. Hawakumuachilia kabla hatujalipa yote, shamba ikaenda.

Munauliza kama nilimwambia? Hapana! Anafikiri ni batoto ya jirani waliiba. Mupaka leo yeye hamusalimii yule jirani. Na kila asubuhi miye namwangia kachungu maji, anasema, "Aksanti, Kavira, bila weye ningekuwa nimekufa." Mungu wangu, namna gani ananiua!

Bamama, ukikuta kitu usichokijua nyumbani, uliza. Gombana, piga kelele, mais uliza! Na nyinyi bababa, kama ugonjwa ingaliko mu mwili yenu, musiifiche muke kwa sababu ya haya ya kanisa.

Macho ya Kambale yamepungua, miye ndiye namusomeaka gazeti hii ninayoiandikia. Nikifika ku ukurasa huu, sitauruka.