Mbolea Ndogo kwa Mboga za Harusi

Nyumbani kwa Baba Jaza, chai humiminwa mpaka ikaribie kumwagika. Ndivyo apendavyo mwenye nyumba. Kikombe jaza, ndoo jaza, sahani jaza. Majirani ndio waliompa jina hilo, naye hakulikataa. Mkewe husema, "Mume wangu akipewa bahari, atauliza kama hakuna nyongeza."

Nyuma ya nyumba yao kuna bustani ya spinachi. Binti yao mkubwa, fundi cherehani, alikuwa ameposwa, na harusi ilikuwa inakaribia. Baba Jaza alikwisha kusema mbele ya wakwe kwamba mboga za harusi hazitatoka sokoni. Zitatoka kwenye bustani yake mwenyewe. Ahadi ni deni, na wakwe walikuwa wamesikia vizuri.

Lakini spinachi zilikuwa zimedumaa. Majani yalikuwa ya manjano. Baba Jaza akaenda duka la pembejeo, na muuzaji akampa chupa ndogo ya mbolea ya maji.

"Hii ni mbolea ya nano," muuzaji alisema. "Chupa hiyo itatosha bustani yako yote na kubaki. Soma maelezo kwanza."

Baba Jaza aliiweka chupa mfukoni huku akicheka. Alizoea mbolea ya chengachenga, ile anayoibeba begani. Kipimo chake ni kizibo kimoja cha soda kwa kila shina. Basi akafanya vilevile. Akamimina kizibo kimoja cha mbolea ile chini ya shina, bila kuichanganya na maji. Akaona ni kidogo, akaongeza cha pili. Chupa ikaisha kabla hajamaliza tuta la kwanza.

Baada ya siku chache, spinachi za tuta lile zilikauka kingo. Nyingine zililala kabisa. Matuta mengine yalibaki na umanjano wake.

Binti alikuja akaziangalia. "Baba, tununue tu sokoni," alisema kwa upole. "Hakuna atakayekucheka."

"Wewe huwajui wakwe," baba alijibu. "Na hata wasiponicheka, mimi nitaumia."

Ni kweli aliumia. Chakula cha jioni alikiacha nusu, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika nyumba ile. Mkewe akaona hapo si pa kungoja. Kuuliza si ujinga. Kesho yake asubuhi akaenda kumwita bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo lao.

Bibi shamba alifika akiwa na bomba la kupulizia mgongoni. Alichuchumaa, akagusa majani, akanusa udongo.

"Shikamoo, baba. Mbolea uliiweka wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Niliiweka penye mizizi. Mbolea huwekwa wapi tena?"

"Ya chengachenga, ndiyo, ni ya kwenye udongo. Hii ni ya kwenye majani," alisema bibi shamba. "Nano maana yake ni kitu kidogo mno. Chembe zake, zaidi ya elfu moja zingeweza kujipanga kwenye upana wa unywele wako mmoja."

Baba Jaza alipapasa kipara chake. "Huo unywele tutauazima kwa mama."

Wote wakacheka, hata binti.

"Sasa, jani lina vitundu vidogo vya kupumulia," bibi shamba aliendelea. "Chembe hizi hupenya humo, mmea ukala moja kwa moja. Ndiyo maana kidogo kinatosha. Ukizidisha, unauunguza mmea."

"Kwa hiyo nilizivimbisha tumbo," alisema Baba Jaza.

"Ulizilisha kupitia miguuni badala ya mdomoni, tena kwa pupa," mkewe alimjibu.

Wakanunua chupa nyingine. Safari hii binti aliisoma lebo kwa sauti, neno kwa neno. Wakavaa glavu na barakoa. Wakatikisa chupa, wakapima kidogo kama lebo inavyosema, wakachanganya na maji kwenye bomba. Walipulizia asubuhi, umande ukiwa umekauka, kukiwa hakuna upepo wala dalili ya mvua. Walianza na kipande kimoja tu, ili waone. Majani hayakuungua, basi wakamaliza bustani yote. Samadi nayo waliendelea kuweka, maana mbolea ya majani haiondoi kazi ya udongo mzuri.

"Na hawa vidukari?" mama aliuliza, akionyesha wadudu chini ya jani.

"Dawa za nano za wadudu zipo pia," alijibu bibi shamba. "Lakini sumu ni sumu, hata ikiwa ndogo. Hawa ni wachache. Waoshe kwa maji. Wakizidi, niite kwanza, na lazima tuhesabu siku za kungoja kabla ya kuvuna."

Majani mapya yalichipua ya kijani. Yakapanuka. Baba Jaza akawa anaamka mapema kwenda kuyatazama, akirudi anaimba.

Siku ya harusi, mboga ziliwatosha wageni wote. Mama mkwe aliomba kuongezewa, kisha akauliza zimenunuliwa soko gani.

Baba Jaza hakungoja aulizwe tena. Aliwachukua wakwe wote mpaka bustanini, yeye akiwa ndani ya suti mpya. Mpiga picha akasubiri. Bwana harusi akasubiri. Mwisho bibi harusi akaja mwenyewe, ameinua gauni lisiguse matope.

"Baba, tunakungoja kwa picha."

"Ngoja kidogo, mwanangu. Nimefika kwenye vitundu vya jani."

Binti alimtazama baba yake akiwa ameshika jani juu, wakwe wamemzunguka wakisikiliza kwa makini. Furaha ikamjaa, machozi yakamtoka. Akamwita mpiga picha na bwana harusi waje hukohuko. Picha ile ndiyo waliyoitundika sebuleni: maharusi, wakwe na baba, wote wamesimama kati ya matuta ya spinachi.