Rangi ya Pili

Tone moja tu la rangi nyekundu lilidondoka, likatua begani mwa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka. Ilikuwa Jumamosi, sokoni Morogoro hapatoshi, na Hafidha yuko juu ya ngazi anaandika bango. Mwaka ule maduka ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa kila kona.

"We dada! Hili ni shati langu la Idi!"

"Pole kaka. Sasa lina ua."

Yule kijana, Dadi wa Mafiga, badala ya kugomba akacheka. Jumatatu wakakutana tena darasani, chuo cha wananchi, fani ya michoro na uchapaji. Mwaka mzima wakawa chanda na pete.

Halafu Dadi akaanza kupotea. Wiki mbili nzima, ukimuuliza: "Nina safari, mpenzi." Safari gani hiyo isiyo na jina?

Alhamisi asubuhi Hafidha alifungua karakana ya chuo. Kamba ya kukaushia imejaa kadi za harusi. Akasogea, moyo ukampiga paa! Kwa rangi ya kahawia: *Bwana Dadi Kibwana na...* Baada ya hapo, weupe mtupu. Hakuhitaji kuelezwa. Kila rangi huchapwa kwa fremu yake ya kitambaa, rangi ikipita kwenye herufi zilizoachwa wazi, na jina la bibi harusi lilikuwa linasubiri rangi ya pili. Lake haliwezi kuwa, maana nani alimposa? Nani alimuuliza, hata kwa utani?

Saa nne karani wa chuo akamwita kwenye simu.

"Hafi, kipenzi, niko posta. Umeshaingia karakana?"

"Nimeingia. Hongera, bwana harusi!"

"Nisikilize kwanza..."

"Nikusikilize nini? Unaniita mke wangu, mke wangu, kumbe unanichezea! Huyo mkeo akuchapie mwenyewe!" Akabamiza simu, karani akaruka.

Alitaka kwenda zake kwao Mkuyuni, lakini Mwalimu Bernadeta alimzuia mlangoni.

"Zamu ya kuchapa leo ni yako. Kazi ya watu lazima itoke. Cheti unakitaka, hukitaki?"

Alikitaka. Baba yake alimruhusu kusoma kwa mbinde, naye aliapa hatarudi mikono mitupu.

Akafungua fremu ya pili iliyofungwa kwa gazeti, akainyanyua dirishani kutafuta matundu, kama walivyofundishwa. Mwanga ukapenya kwenye herufi. *Bi. Hafidha Salum.* Chini yake, tarehe ya mwezi ujao.

Mungu wangu! Akashika meza.

"Mwalimu... hili jina..."

"Mimi simo," alisema Bernadeta, akigeuka kuficha kicheko.

Dadi akaingia anahema, na shati lile lile lenye doa.

"Wiki mbili nilikuwa napanda kwenu, Hafi. Barua ya posa mzee kaipokea. Kasema yeye hana neno, labda wewe ukatae."

"Na mimi uliniuliza lini?"

Dadi akatazama kadi zilizoanikwa. "Nilidhani ukiona kadi..."

"Nimeiona, nikafa! Nusura niache chuo kwa ajili yako!"

"Nisamehe, mpenzi. Nakuuliza sasa. Utanikubali?"

Hafidha alikata kipande cha utepe wa gundi, akakibandika juu ya tarehe kwenye fremu. Akailaza juu ya kadi, akamimina rangi nyekundu, akaikokota kwa mpira wa kuchapia mara moja, akainua fremu. Jina lake likakaa bichi kando ya la Dadi. Mahali pa tarehe palikuwa peupe.

"Jina nimekubali," akasema, akifuta machozi kwa kiganja chenye rangi. "Tarehe utaichapa siku nikipata cheti."