Silabi Tisa Mlangoni

Fundi wa vibao alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, wagonjwa wakipishana chini yake, aliposikia, "Kaka, umeruka herufi h."

Akatazama chini. Karani wa mapokezi, gauni la kijani, kalamu imechomekwa kwenye nywele, alikuwa amekumbatia mafaili.

Fundi akahakiki karatasi yake. Kweli: *otorhinolaryngology*, na mlangoni alishaandika "otori".

"Neno gani hili halina mwisho?"

"Likate vipande. Oto ni sikio. Raino, pua. Laringo, koo. Loji, elimu yake. Haya, lisome."

Akalisoma, akakazia "lo", ya pili kutoka mwisho, kama tunavyotamka maneno yetu.

"Hapana, kaza 'go'. O-to-rai-no-la-rin-GO-lo-ji. Silabi tisa tu."

Siku zilizofuata fundi alipaka milango polepole kuliko ilivyohitajika. Wakanywa chai pamoja, wakapeana namba, na kila jioni alimpigia simu: "Mwalimu wangu, umefika salama?"

"Nimefika, mwanafunzi mtoro."

Jumanne, akipita nyuma ya dirisha la mapokezi, fundi alimsikia karani akilitamka lile neno kwa kukazia "lo", na makarani wenzake wakaangua kicheko. Uso ukamwiva. Akakusanya rangi zake, kazi akamwachia fundi mwenzake. Simu ikaita siku nne, hakupokea.

Jumamosi karani akamfuata karakanani. "Nimekukosea nini?"

"Umenifanya kichekesho kwa wenzako."

"Walikuwa wananicheka mimi. Niliwasimulia nilivyolitangaza hivyo kwenye kipaza sauti, siku yangu ya kwanza kazini. Korido nzima ilisikia. Nililia chooni, ndipo nikajifunza silabi kwa silabi. Ungepokea simu, ungeyajua haya tangu Jumanne."

Fundi hakuwa na pa kuuficha uso. "Nisamehe, mpenzi. Shule niliiacha mapema. Mtu akicheka karibu yangu, najua ni mimi."

"Siku nyingine uliza."

"Basi nauliza sasa." Akaweka brashi chini. "Nije kwenu na shangazi yangu?"

"Kuandika kibao?"

"Kukuposa."

Karani akavuta kiti chenye madoa ya rangi, akaketi bila kujali gauni.

"Mama yupo nyumbani kila Jumapili," alisema. "Ila mjomba ndiye wa kupigiwa kwanza. Andika namba yake."