Maji ya Miwa Mdomoni

— Nani amemwita huyu?

Josephat aliuliza hivyo katikati ya stendi ya Voi, ngoma kubwa ikiwa begani, watu wote wa kikundi wakisikia. Aliyeuliziwa alikuwa amesimama pale pale na sanduku jekundu mkononi. Alikuwa mke wake, Everlyne.

— Mimi ndiye nimemwita, — akajibu Ben, kiongozi wa kikundi. — Mwimbaji wetu Tryphena sauti imekauka, hata maji haombi, anaonyesha kwa kidole. Ulitaka aimbe nani? Wewe?

— Heri ningeimba mimi.

— Basi tungerudishwa kabla ya Maungu.

Watu wakacheka. Everlyne hakucheka. Alimwendea utingo aliyekuwa anapakia ngoma kwenye buti ya basi, akamwambia kwa sauti ya kusikika:

— Hili sanduku liweke mwisho, hapo mlangoni. Mimi nashukia Mombasa na sirudi.

Josephat alisikia, na wala halikuwa jambo geni kwake. Ujumbe alikuwa ameupata kwenye simu: “Baba Wakesho, naenda na kikundi. Tamasha likiisha nabaki kwa dada Daisy, amenipatia kazi dukani kwake. Mtoto nitamchukua shule zikifungwa. Kama una neno, sema.” Aliusoma. Akausoma tena. Hakujibu.

Mwanamume akinyamaza, watu husema ana busara. Wengine hatuna busara yoyote. Tunaogopa tu.

Josephat alikuwa mpigaji wa Mwazindika, ngoma ya Wadawida wa Taita ambayo zamani ilipigwa kumtuliza mwenye pepo, na siku hizi hupigwa hata wageni wa serikali wakifika. Ngoma yake aliirithi kwa baba yake. Kuna siku alikwenda kupiga Kishushe kwa ngoma ya kuazima, ile ya baba akaiacha ukutani; huku nyuma, nyumbani Ronge, binti yao Wakesho akashikwa na homa mpaka akaweweseka. Everlyne alipiga simu, akapiga, akapiga. Kishushe mtandao ni wa kubahatisha. Wakaja watu wa maombi, wakaiona ngoma ukutani, wakasema ugonjwa unalala hapo. Everlyne akawapa, wakaichoma. Kilichomponya mtoto ni dawa ya malaria.

Josephat aliporudi akakuta majivu uani. Hakupiga kelele, hakuuliza. Akachukua jembe akaenda shambani. Tangu siku hiyo akawa anaongea na mkewe kama anayeongea na karani: chumvi imeisha, ndiyo, hapana. Kikundi kilimchongea ngoma nyingine, lakini mdomo haukufunguka. Mwishowe Everlyne akahamia kwa kaka yake mjini Voi, Wakesho akabaki Ronge na baba yake kwa ajili ya shule.

Sasa walikuwa basi moja, yeye mbele na mkewe nyuma, mpaka kisiwani.

Mombasa tamasha lilikuwa limechangamka. Jukwaa kubwa, wachoraji wa hina, wauzaji wa viazi karai, vikundi kutoka pwani nzima. Msimamizi wa jukwaa alikuwa Mwanamina, mama wa Mji wa Kale, buibui jeusi na maikrofoni mkononi.

— Karibuni wageni wangu. Nyinyi ndio Wataita? Msinicheleweshe tafadhalini, nyuma yenu pana taarab, na wale wakikasirika hawaimbi, huniimba mimi. Na ile ya kutema maji mmeiandaa?

— Ipi hiyo? — Josephat akauliza.

Ben akajikuna kichwa.

— Kaka, nilipoomba nafasi hapa niliandika kwamba tutaonyesha kutasa.

Josephat alimtazama kama mtu aliyeuzwa sokoni. Kutasa ni jambo la nyumbani. Mtu mwenye kinyongo hujaza kinywa maji, au maji ya miwa, akayanyunyiza kwa mdomo, akaitaja hasira yake na kuitupa, ili isimdhuru aliyekasirikiwa. Wazee wa Dawida waliamini hasira iliyofichwa huleta ugonjwa hata kama mwenyewe hakusema neno.

— Ni maigizo tu, — Ben akasema. — Useme ulimkasirikia mkeo kwa sababu ya mbuzi. Shemeji asimame mbele yako. Watu wapige makofi, tukale.

— Mimi sisimami, — Everlyne akasema.

— Kwa nini, shemeji?

— Kutasa si mchezo. Nyanya yangu alisema, ukitema maji na hasira umeiacha moyoni, unamtemea mwenzako hasira yenyewe. Kama atasema habari za mbuzi, asimamishwe mbuzi.

— Mbuzi sina, mwanangu, — Mwanamina akasema. — Nina jukwaa tu, na watu wanangoja.

Everlyne akamgeukia mumewe. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumtazama usoni.

— Nitasimama. Lakini mbuzi wako usimlete.

Wakapanda. Ngoma zikalia, Everlyne akaimba, na hata wauzaji wa viazi wakasogea. Kisha ngoma zikanyamaza. Ben akamletea Josephat kibuyu. Maji ya miwa yalinunuliwa hapo getini, na miwa ya Mombasa huja na tangawizi na ndimu, hilo halikukumbukwa na mtu. Josephat alijaza kinywa, macho yakamtoka, akanyunyiza. Watu wa mbele wakaruka nyuma wakicheka.

Akafungua mdomo ataje mbuzi. Hapo ndipo alipomwona mkewe amefumba macho na kukaza mabega, kama anayengoja kofi.

Mbuzi akamkwama kooni.

Alianza kusema kwa Kidawida, polepole. Wenzake nyuma wakaacha kutikisa njuga. Ben, aliyekuwa akitafsiri kwa Kiswahili, akababaika.

— Anasema... eeh... palikuwa na mbuzi mmoja...

Everlyne akafumbua macho, akampokonya maikrofoni.

— Hajasema mbuzi. Anasema: ulichoma ngoma ya baba yangu.

Josephat akasema tena, naye akafuatisha.

— Anasema: kila nikikuona naona majivu. Nilikuwa na maneno mabaya, nikaogopa nikiyafungulia hayatarudi. Nikafunga mdomo. Kumbe nimefunga na nyumba.

Josephat aliendelea. Sauti ya Everlyne ikakatika.

— Tafsiri, mama! — mtu akapiga kelele kutoka nyuma. — Usituache hapo!

— Anasema hasira bado anayo. Hawezi kudanganya na maji haya mdomoni. Lakini imemchosha. Anaitupa.

Josephat akajaza kinywa tena, akanyunyiza. Safari hii hakuna aliyecheka. Everlyne akamrudishia Ben maikrofoni, akachukua kibuyu.

— Sasa nitafsirie mimi. Na ukisema mbuzi, nitakuchapa hapa hapa.

Akasema kwa Kidawida, na Ben akatafsiri neno kwa neno, bila mzaha:

— Anasema: ngoma nilikosea, najua. Nilikupigia simu mtoto anaweweseka mikononi mwangu. Mtandao haukuwepo, najua pia. Lakini uliporudi ulitazama majivu. Mtoto hukumuuliza. Ukaninyamazia mpaka nikajiona mtu aliyezikwa akiwa hai. Hasira hiyo nimelala nayo. Leo nayo itoke.

Akanyunyiza. Tangawizi na ndimu vikamlowesha Josephat kifua kizima. Hakujipangusa. Alirudi kwenye ngoma akaipiga kwa viganja vyote viwili, na Everlyne akaupokea wimbo palepale alipouachia.

Waliposhuka, Mwanamina alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

— Nyinyi mwajua kuigiza! Mpaka wanja wote umenitoka. Mwakani mje na hii hii.

— Hii hairudiwi, mama, — Josephat akamjibu.

Alasiri, basi likiwa linapakiwa, akamfuata Everlyne kwenye kivuli cha ukuta. Shati bado lilinata.

— Mama Wakesho. Siku ile niliporudi, mtoto alikuwa wapi?

Everlyne akaegemea ukuta.

— Alikuwa chumbani. Homa ilikuwa imeshuka. Alisikia kikohozi chako uani akaketi kitandani, akangoja uingie. Ukachukua jembe.

Josephat akatazama viatu vyake.

— Umeninyamazia tena?

— Hapana. Natafuta neno.

— Umelipata?

— Sijalipata. Twende nyumbani nikiwa nalitafuta.

Everlyne akafungua mkoba. Akatoa simu, akaandika: “Dada, ile kazi mpe mtu mwingine. Nitakueleza.”

Daisy akajibu papo hapo: “Usiniambie ameongea!!!”

“Kwa maikrofoni. Mbele ya kisiwa kizima.”

Utingo alikuwa ameshalitoa lile sanduku jekundu na kulisimamisha kando ya barabara.

— Mama, mzigo wako huu. Si ulisema wabaki huku?

— Urudishe. Uweke chini ya ngoma.

— Chini ya ngoma halitoki mpaka Ronge!

— Nimesema wapi, mwanangu?

Utingo akaanza upya kupanga, akinung'unika. Everlyne akamgeukia mumewe.

— Usifurahi bado. Ukininyamazia njiani nashukia Voi, hata bila sanduku.

Safari hii walikaa kiti kimoja. Josephat akaanza kuongea, vibaya, kama mtu anayejifunza baiskeli. Mpaka Mariakani alikuwa amemaliza habari za mahindi. Mpaka Samburu, habari za ng'ombe wa jirani aliyevunja ua. Taru akakosa la kusema, akamweleza jinsi Wakesho alivyong'oka jino akalitupa juu ya paa, na Everlyne akaliuliza jino hilo maswali mpaka Maungu.

Voi basi likasimama. Dereva akageuka.

— Kuna wa kushuka hapa?

Everlyne alikuwa amesinzia, kichwa begani kwa mumewe, kwenye shati lililokauka na kunuka tangawizi. Josephat akatikisa kichwa kumwambia dereva aondoe gari. Kisha akaendelea kuongea, kwa sauti ya chini asimwamshe, habari za mahindi yale yale.