Samaki wa Mbah Karso

Kila alasiri, Wening alipotoka shuleni, alivua viatu mlangoni na kwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Huko, kwenye rafu ya mianzi, zilipangwa chupa zake za cupang, samaki wadogo wenye mapezi marefu kama shela. Kila dume alikaa katika chupa yake, maana wawili wakikutana hupigana hadi mmoja afe. Wening alibadilisha maji, akatia majani makavu ya mkungu, akawalisha viluwiluwi vya mbu. Kisha aliazima simu ya mama yake na kufungua kundi la mtandaoni la wafugaji wa cupang.

Wanakundi walitoka kila pembe ya Java, na wengi hawakuwahi kuonana. Aliyependwa kuliko wote alikuwa fundi baiskeli mstaafu wa Salatiga, Mbah Karso. Mbah maana yake babu, na kweli alikuwa babu wa kundi zima. Siku Wening alipouliza kwa nini samaki wake amelala tu chini ya chupa, Jumadi, dereva wa lori wa Kediri, alimtania: "We mtoto, umemlisha ubwabwa nini?"

Mbah Karso alijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa ile sauti yake ya kukwaruza: "Mwacheni mjukuu wangu. Nyie mlizaliwa mnajua? Wening, mfungishe huyo siku mbili. Amevimbiwa, kama mimi siku ya Idi."

Kundi zima lilicheka, na samaki akapona.

Asubuhi moja ya Jumapili uliingia ujumbe wa sauti kutoka namba ya Mbah Karso, lakini sauti haikuwa yake.

"Asalamu alaikum. Mimi ni Sumarni, binti yake. Baba alifariki jana. Kama alimkosea yeyote, tunaomba mumsamehe."

Wening aliusikiliza tena, akidhani amesikia vibaya. Muda mfupi baadaye kundi lilijaa dua na picha za samaki alizowahi kutuma Mbah, wale wa mbegu ya buluu ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuipata. Jumadi aliandika: "Nilikuwa namtania kila siku. Sasa nimtanie nani?"

Mtu mmoja akauliza mzee aliumwa nini, mbona juzi tu aliwatumia video akicheka.

"Alikuwa na kisukari," Sumarni alijibu kwa ujumbe mwingine wa sauti. "Alipata kidonda unyayoni, akakifunga kitambaa na kuvaa soksi. Tukimuuliza, anasema ni malengelenge ya kandambili. Harufu ndiyo iliyotuambia ukweli. Tulipomfikisha hospitali, sumu ilishaingia kwenye damu."

Kisha akaongeza: "Na hawa samaki nifanyeje? Mimi sijui lolote."

Kila mtu alitaka kusaidia. Mmoja alisema abadilishe maji, mwingine akasema asiyaguse. Sumarni alijitahidi, huku ana matanga na watoto wadogo, lakini samaki waliota madoa meupe na kuanza kuelea. Jumadi alipanda basi hadi Salatiga akawachukua waliobaki. Nao wakafa, mmoja baada ya mwingine, na mbegu ile ya buluu ikaisha.

"Nisameheni," Sumarni alisema. "Nimeshindwa kukilinda hata hiki alichokipenda."

Tangu hapo kundi likawa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Siku chache baadaye, mama yake Wening alimtuma apeleke chakula cha mchana kwenye kiwanda kidogo cha tahu, jibini ya maharage ya soya, alikofanya kazi baba yake, Sutikno. Baba alikuwa amesimama tangu alfajiri kwenye maji na mvuke wa soya, ndani ya buti za mpira. Wening alimwona akivuka sakafu na ndoo, akichechemea.

"Baba, mguu una nini?"

"Buti inabana. Mpya hii."

"Si mpya. Unayo tangu mwaka jana. Hebu vua nione."

"Ala! Umekuwa polisi?"

Mwenzake aliyekuwa akikamua soya akacheka. "Sutikno, leo umekamatwa!"

Baba naye alicheka, akashika mwiko wake wa kukorogea soya. Wening alijua kwamba zamani baba aliwahi kuambiwa ana kisukari, lakini alipojiona mzima aliacha dawa. Wening hakubishana. Alitoa simu aliyoiazima kwa mama na kufungulia sauti ya Sumarni ikieleza kuhusu kitambaa, soksi na harufu. Kicheko cha baba kikamkauka mdomoni. Akaketi juu ya gunia la soya na kuvuta buti polepole. Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi. Wening alisikia harufu kabla hajaona kitu.

Jioni ile ile walimfikisha hospitali. Madaktari waliukata mguu chini ya goti ili kumwokoa. Akapona, ila kazi ya kusimama majini ilikuwa imekwisha, na nafasi yake ilishachukuliwa na mtu mwingine.

"Mbah amekufa," Wening alisema akiwa kando ya kitanda. "Samaki wake wote wamekufa. Na mguu wako umekatwa. Kuuliza kwangu kumesaidia nini?"

Baba alijivuta akaketi.

"Sitakudanganya kwamba mambo yatarudi kama zamani, mwanangu. Hayatarudi. Lakini mimi niko hapa naongea nawe, na Sumarni hana baba. Kile kidonda nilikiona kikiwa kidogo kama punje ya soya. Niliona aibu, nikaogopa atakachosema daktari, nikawaficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kimenipitia karibu. Ukiumwa, sema mapema. Na ukimwona mwenzako anaficha, muulize. Akikucheka, muulize tena."

Muuguzi aliingia na sinia la bandeji kusafisha kidonda. Siku zote baba aliomba Wening atoke nje kwanza. Sasa alilishika shuka mwenyewe, akalivuta pembeni.

"Kaa," alimwambia. "Tazama."